Harusi Yangu Chini ya Turubai la Baba

Baba alinunua kamyoneti, gari dogo la mizigo lililo wazi nyuma, kutoka kwa padri mmoja mzee aliyekuwa anarudi kwao Ulaya, na kwa mwezi mzima hakuzungumza jambo lingine. Alikuwa karani, mtu wa faili na mihuri, aliyevaa abakosti, ile suti isiyo na tai, iliyonyooshwa pasi hata siku ya kwenda kununua makaa. Lakini tangu gari liingie uani kwetu, kila jioni alivua koti lake, akalitundika kwenye mpera, akalizunguka gari polepole huku ameweka mikono nyuma.

Kilichomsumbua ni mvua. Mvua ya Goma haina adabu. Unaangalia juu, mlima wetu wa volkano uko wazi kabisa na moshi wake. Unainama kufunga kiatu, unainua kichwa, mlima umekwisha kupotea na maji yanakupiga mgongoni. Mara mbili mama alirudi kutoka sokoni na unga wa mihogo nyuma ya kamyoneti, na mara zote mbili ulifika nyumbani ukiwa uji. Watu walimshauri baba aweke paa la bati.

"Nikiweka bati, kabati itaingia namna gani?" aliwauliza. "Na mikungu ya ndizi? Na jua ikiwaka, batu baivye mule ndani kama mikate?"

Siku moja alipeleka karatasi fulani nyumbani kwa daktari, akakuta barazani kigari cha mtoto mchanga chenye kifuniko cha kukunja. Hakumwona mtoto. Alikiona kile kifuniko tu, akakifungua na kukifunga mpaka mke wa daktari akatoka kuuliza kama kuna tatizo. Alifika nyumbani amekosa pumzi.

"Mama," alimwambia mama yangu, "gari tutaishonea kofia."

Mpango wake ulikuwa hivi. Fundi wa kuchomelea atengeneze matao matano ya tiyo, yale mabomba membamba ya chuma, yateleze juu ya reli mbili kwenye kingo za gari. Mama ashone turubai la kuyavika. Ukivuta kamba moja, matao yanakwenda mbele na turubai linajikunja nyuma ya kabini. Ukivuta ya pili, linarudi nyuma na kufunika kila mtu. Mvua ikija unafunga, jua likitoka unafungua. Alichora yote nyuma ya bahasha ya kazini, na mchoro ule ulifanana na mbavu za samaki.

Fundi alimaliza kwa siku tatu. Mama alihitaji wiki mbili. Alikuwa mshonaji wa magauni na mashati ya shule, na mashini yake haikuwahi kuona kitambaa kinene namna ile. Sindano zilivunjika moja baada ya nyingine. Turubai lilijaa sebule yote. Tulikula juu yake, tukapokea wageni juu yake, na katekista alipokuja kutusalimia alilikalia akafikiri ni mkeka mpya. Mwishowe wakalipeleka uani kulivika matao, likapungua kwa upana wa viganja viwili.

"Ulipima na nini, Papa?" mama aliuliza. "Na macho?"

"Nilipima na metre."

"Basi ile metre yako ilikuwa na haraka."

Hawakusemezana hadi kesho yake. Kisha mama, bila kumuuliza mtu, alichukua kipande cha kitenge chenye majogoo mekundu akakiunga katikati. Turubai la kijani, mkanda wa majogoo mgongoni. Baba alilizunguka mara moja, akasema, "Iko muzuri," na wakacheka wote wawili mpaka mama akakaa chini.

Majirani nao walipata chao. Sisi ni Bashi, watu wa upande wa Bukavu, na lile turubai ambalo Wafaransa wanaliita bâche, mdomoni mwa Goma linaitwa bashi vilevile. Tulipopita, mtaa mzima ulipiga kelele: "Bashi chini, bashi juu!" Baba aliwapungia mkono kama mkuu wa mkoa.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwalimu wa darasa la pili, na nilikuwa karibu kuolewa. Mchumba wangu alifundisha darasa la tano katika shule hiyohiyo. Watu wake walitoka milima ya Masisi na wakahamia Kibati, kijiji cha nje ya mji, na ng'ombe wao na mashamba yao ya viazi. Rafiki yake alituahidi gari dogo jeupe la kunichukua kanisani na kunifikisha kwa wakwe. Nilikuwa nimekwisha kujiona ndani yake, kiwiko dirishani.

Baba alinikuta nikisahihisha madaftari. Alikaa, akavua miwani, akaifuta.

"Mutoto yangu, ile gari mweupe iko na nafasi ya batu wangapi?"

Nilijua anaelekea wapi. "Papa, hapana. Mimi na robe yangu nyeupe ya arusi, nyuma ya kamyoneti, kama viazi?"

"Viazi bwana arusi anayo mingi kwao. Hapana viazi. Nitaweka benchi, mama atatia bitambaa. Tutafika kwa bakwe na bashi imefungwa, batu bote banangojea, halafu nitavuta kamba polepole..." Alionyesha kwa mikono miwili jinsi nitakavyotokea. Kisha aliishusha mikono yake. "Lakini ukisema hapana, ni hapana. Sitakasirika."

Nililia kidogo usiku ule, halafu asubuhi nikamwambia ndiyo. Sikuwahi kumwona baba akitaka kitu kwa ajili yake mwenyewe namna ile.

Misa ilikwenda vizuri. Tulitoka kanisani juani, turubai likiwa limekunjwa, tukapanda: mimi na mume wangu kwenye benchi la mbele, shangazi zangu wanne nyuma yetu na vikapu vyao. Mama alikaa kabini na baba. Tulipita mjini tukiwa wazi, watu wanapiga vigelegele, shela langu linapepea, na lazima niseme ukweli, kabla hatujamaliza barabara kubwa nilikuwa nimelisahau kabisa gari jeupe.

Tulipofika Munigi, nje kidogo ya mji, mvua ikatukuta.

"Kamba!" baba alipiga kelele dirishani. "Vuta kamba!"

Shangazi mkubwa, mwanamke mwenye mikono ya kutwanga, aliivuta, na turubai likaja juu yetu likinguruma. Ghafla tukawa ndani ya mwanga wa kijani, sote wa kijani, meno yetu ya kijani. Mvua ilipiga juu kwa kelele hata ikawa shida kusikilizana.

"Angalieni bwana arusi!" shangazi alisema. "Amekuwa majani ya sombe!"

Turubai lilizuia maji kabisa, isipokuwa mahali pamoja. Kile kitenge cha majogoo kilivuja, na kilivuja juu ya kichwa cha mume wangu tu. Tone. Tone. Tone. Naye hakusogea. Alikuwa kijana wa heshima, ameoa saa moja iliyopita, amezungukwa na wakwe. Alikaa wima kama mshumaa wa Pasaka na maji yakimshuka puani. Nilimtazama kwa pembeni. Akanitazama. Alisema taratibu, "Iko baridi kidogo," na mimi nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, shangazi wakanifuata, na yeye mwenyewe akashindwa, akacheka na kunirushia maji yote ya nywele zake.

Kibati mvua ilikuwa imekatika. Kupitia tundu dogo la kupitishia kamba niliwaona wakwe wamejipanga mbele ya nyumba, jua likiwaka juu ya mawe meusi yaliyolowa. Baba mkwe alisimama mbele na karatasi ya hotuba. Kando yake alikaa bibi wa mume wangu, mwanamke mkavu mwenye fimbo ndefu ya wachungaji. Huyo ndiye niliyemwogopa. Tangu uchumba uanze alikuwa amesema neno moja tu kuhusu mimi: kwamba msichana wa mjini hajui ng'ombe anaanzia wapi na anaishia wapi.

Nilimsikia baba akishuka, akikohoa, akishika kamba. Turubai lilitikisika. Likasogea kidole kimoja. Likakwama.

Alivuta tena. Baba mkwe, mtu mwema, akaenda kumsaidia. Wakavuta wawili.

"Kuna maji juu," shangazi mkubwa alinong'ona. Kweli, turubai lilikuwa limeshuka katikati kama tumbo la ng'ombe mwenye mimba. "Ndiyo inazuia." Na kabla sijamshika mkono, alilisukuma lile tumbo kwa viganja vyake viwili, kwa nguvu zake zote.

Tuliyasikia maji yakienda. Tukasikia yakifika.

"Nani amefanya ile?" Ilikuwa sauti ya baba.

"Hapana miye," shangazi alisema kutoka chini ya turubai.

Nilijaza shela mdomoni nisicheke. Kupitia tundu niliwaona baba zetu wawili wamesimama bega kwa bega, abakosti mbili zimegandamana na miili, na ile hotuba imekuwa kama jani la kabichi mkononi. Hakuna aliyethubutu kufanya lolote. Wote walimtazama bibi.

Alisimama. Alikuja hadi kwenye gari akipima hatua kwa fimbo, akaweka kidole kwenye reli, akakinusa.

"Hii kitu inakauka," alisema. "Iko na njaa. Leteni mavuta."

"Mavuta gani, Mama muzee?" baba aliuliza, maji yakimdondoka kidevuni.

"Mavuta ya ngombe. Uko na gari na haujui inakula nini?"

Walimletea kibuyu cha siagi. Alikunja mkono wa nguo yake akapaka reli ya kulia mwenyewe, kwa vidole vyake, taratibu kama anayempaka mtoto baada ya kumwogesha; kisha akazunguka akapaka ya kushoto. Akajifuta. "Sasa vuta."

Baba alivuta kwa nguvu zilezile za mwanzo, na turubai likaruka. Matao yote matano yalikwenda mbele kwa mpigo mmoja, kamba ikamtoka baba mkononi akakaa chini kwenye tope, na mimi nikatokea juani, mdomo wazi, nusu ya shela mdomoni, machozi ya kicheko yamechora mashavu yangu ya poda. Mume wangu kando yangu, ameloa kama aliyevuliwa ziwani.

Bibi alitutazama. Pua yake ilianza kutetemeka kwanza. Kisha alicheka, kicheko chembamba kama cha msichana, akishikilia fimbo asianguke, na uwanja mzima ukalipuka.

"Funga," aliamuru. Shangazi akafunga. "Fungua." Ikafunguka. "Funga tena!" Sijui tulitokea na kupotea mara ngapi. Kila tulipotokea, watu walipiga vigelegele kana kwamba ndiyo kwanza wanatuona. Mwishowe alimpa mjukuu wake mkono.

"Nipandishe. Tuende Rumangabo. Dada yangu aone."

"Mama, chakula kiko tayari," baba mkwe alisema. "Na hotuba..."

"Hotuba umeshaioga. Panda."

Basi tukaenda. Bibi alikaa katikati yangu na mume wangu. Nyuma walipanda shangazi, baba mkwe, mama mkwe, na wengine ambao hadi leo sijui walikuwa ndugu wa nani. Na hapo ndipo tuligundua siagi imefanya nini. Hakuna mtu aliyekuwa amefikiria komeo. Baba akikanyaga breki, turubai liliruka mbele likatuacha wazi. Akikanyaga mafuta, lilirudi nyuma na kutufunika. Barabara ile ina kona na makorongo kila hatua. Mwanga, kijani, mwanga, kijani. Wanawake waliokuwa wakipalilia viazi kando ya njia waliona harusi inatokea, inapotea, inatokea. Waliacha majembe wakakimbia kandokando yetu wakiita. Kila turubai liliporuka bibi alipiga ukelele. Kwenye mteremko mmoja alinishika mkono, na hakuuachia tena.

"Ulikuwa unaniogopa?" aliniuliza sikioni.

"Sana, Mama."

"Miye vilevile nilikuogopa. Walisema unasoma bitabu na Kifaransa."

Dada yake wa Rumangabo alikuwa mzee kuliko yeye na haoni vizuri. Alitoka mlangoni, akauliza ni nani hao wanaopiga kelele. Walimpandisha naye. Alishika tao, akalisikia likiteleza chini ya mkono wake, akasema tu, "E! E! E!" kila lilipopita. Tulimzungusha hadi njia ya kuingia hifadhi ya wanyama na kumrudisha, naye akakataa kushuka, kwa hiyo tukaja naye Kibati.

Tulirudi saa kumi jioni. Wapishi walikuwa wamenuna, wali umepoa, na wanakwaya walikuwa wamemaliza nyama yote ya mishikaki bila haya. Baba zetu walivaa mashati ya shamba ya baba mkwe, la baba likimbana tumboni. Mama alikuwa amekaa na mama mkwe wangu kwenye jiwe, wamevua viatu, wakibishana kwa furaha jinsi ya kutengeneza komeo.

Baba mkwe alisimama kutukaribisha. "Wapendwa bakwe," alianza, akamwangalia baba, akashindwa. Alianza tena. Akashindwa tena, akajifunika uso kwa kofia yake, mabega yakimtetemeka.

"Kuleni basi," alisema.

Tukala. Nilikula sahani mbili za maharage na viazi, mimi bibi arusi, mbele ya wakwe, bila kuinamisha macho. Halafu ngoma ikaanza, na mume wangu akaja kunichukua, nywele zake bado mbichi.