Likizo ya Mama Shuka Kabla Wageni Hawajamiminika

Saa nne asubuhi jua limeshachangamka, na mwanamke ambaye mtaa mzima unamwita Mama Shuka bado amejinyoosha kwenye mkeka barazani kwa mdogo wake, miguu juu ya mto. Macho yake hayabanduki kwenye kamba ya nguo uani. Shuka moja limeanikwa upogo. Vidole vinamwasha.

"Dada, nimekuona!" mdogo wake anapaza sauti kutoka jikoni. "Ukiligusa shuka lile, chai hupati."

Mama Shuka anaangua kicheko. "Mwandishi, unaona ninavyonyanyaswa?"

Kwa miaka kumi na tisa amesimamia usafi katika nyumba ya wageni ya ghorofa moja karibu na stendi ya mabasi. Ina vyumba kumi na vinne, ngazi nyembamba, na mashine ya kufulia inayofanya kazi pale inapojisikia. Msimu wa sikukuu ukiingia, watu humiminika: familia na watoto wao, wakwe wasioenea majumbani, abiria walioachwa na basi. Kitanda hakijapoa, mwingine ameshafika na begi lake.

"Nilijiona chuma," anasema. "Mtu akikaa chini mchana, mimi moyoni nasema, huyo mvivu."

Mwaka jana, msimu ukiwa ndiyo kwanza umeanza, chuma kilisalimu amri. Alikuwa akivisha mto foronya katika chumba cha juu, akaketi ukingoni mwa kitanda avute pumzi kidogo. Usingizi ukambeba hapo hapo. Mgeni wa chumba hicho, muuguzi mstaafu, alipofungua mlango alimkuta anakoroma, amekumbatia mto kama mtoto.

Mhudumu wa mapokezi alitaka kumwamsha. Mgeni akamzuia.

"Mwache. Kitanda kinachomlaza mtu namna hii ndicho ninachokitaka." Akashuka, akaagiza chai, akasubiri hadi jioni.

"Nilipoamka nilijua kazi imeota mbawa," Mama Shuka anakumbuka. "Nilishuka ngazi nalia."

Lakini muuguzi alimketisha, akatazama miguu yake iliyovimba, kisha akamgeukia mwenye nyumba ya wageni. "Baba, huyu hakulala kwa uvivu. Mpeleke hospitali leo akitembea, usingoje kumpeleka amebebwa."

Hospitali walikuta shinikizo la damu liko juu sana. Daktari alimpa dawa, akamwambia bila kupepesa macho kwamba asipojifunza kupumzika, mwili utampumzisha wenyewe.

"Niliona aibu," anakiri mwenye nyumba. "Kila mwaka nilimsifu mbele ya wenzake kwa kutopumzika." Tangu hapo, kila mfanyakazi wake hupata wiki moja ya likizo, kwa zamu, kabla ya msimu.

Hata hivyo, kupewa likizo ni jambo moja, kuichukua ni jingine. "Niliogopa," anasema Mama Shuka, na kwa mara ya kwanza hacheki. "Ukiondoka, watu wanaweza kugundua kwamba mambo yanakwenda bila wewe."

Ndiyo maana Jumanne, siku ya pili ya likizo yake, alimuaga mdogo wake kwamba anakwenda kununua vitunguu, akanyoosha moja kwa moja hadi kazini. Mlinzi alikuwa amesimama getini, mikono kifuani.

"Naangalia tu kama madirisha yamefutwa."

"Yamefutwa, mama."

"Na mapazia?"

"Mama, nimeambiwa nikikupitisha, mapazia nafua mimi. Nihurumie."

Dirisha la juu likafunguka. Msaidizi wake, aliyekuwa akikung'uta godoro, akachungulia chini akicheka. "Dada, nenda kalale! Tukikwama tutakuita. Na hatujakwama!"

"Iliniuma," anasema. "Lakini kabla sijafika kona nikajihisi kama mtu aliyetua ndoo kichwani. Yule binti nimemfundisha mwenyewe. Kwa nini nisimwamini?"

"Alirudi bila kitunguu hata kimoja," mdogo wake anadakia, akiweka chai mkekani. "Sikumuuliza kitu. Alilala mpaka watoto wakarudi kutoka shule."

Sasa shinikizo limeshuka, na viatu vyake vya kazi vinaingia mguuni bila kugombana. Jumatatu anarudi kazini, lakini kwa mpango mpya: yeye atashika vyumba vya chini, msaidizi vya juu, na wahudumu wote watakula chakula cha mchana wamekaa.

Ana mpango mwingine, na huu anausimulia kwa kunong'ona. Wageni wakishaondoka, yeye na mumewe, fundi baiskeli, watapanga chumba usiku mmoja katika nyumba hiyo hiyo.

"Tutaletewa chai. Tutaamka tumechelewa. Halafu nitatoka nikiacha kitanda kimevurugika vile vile," anasema. "Mume wangu ameahidi kunishika mkono mpaka tufike nje, nisigeuke nyuma."