Mgongo wa Mama Neema

Siku yangu ya kwanza kazini, Bwana Daktari, Mwingereza aliyesimamia zahanati moja ya mjini Arusha, alinikabidhi koti jeupe lililonizidi mikono, akaniambia neno moja tu: dresa hachagui kidonda. Nyie wa leo mnasema muuguzi. Sisi tulikuwa madresa. Tuliosha vidonda, tukafunga bandeji, tukachemsha sindano, na tukatoa ushauri kwa maradhi madogo yasiyohitaji daktari.

Siku hiyohiyo aliajiriwa Elirehema, Mmeru mwenzangu. Koti lake lilimkaa sawasawa, nami nikaanza kumwonea wivu hapohapo.

Nilipelekwa Elerai, kisha Momela, na mwisho nikarudishwa kwetu mlimani, kwenye zahanati ndogo katikati ya kahawa na migomba. Nilidhani nimeachana naye. Nafika, namkuta Elirehema ameshika chumba cha mbele.

Msimu wa kuchuma kahawa wagonjwa wa mgongo walikuwa wengi. Mgongo uliochoka kwa kazi hauna siri. Unaukanda kwa kitambaa kilichochovywa kwenye maji ya moto na kukamuliwa, kisiunguze ngozi. Mgonjwa asijilaze kutwa, atembee polepole hata uani. Usiku alale ubavu, na nguo iliyokunjwa katikati ya magoti. Akiokota kitu, akunje magoti. Lakini akifa ganzi miguuni, au mkojo ukimshinda kuuzuia, huyo si wa kukandwa nyumbani, apelekwe kwa daktari upesi.

Haya niliyajua mimi, na Elirehema aliyajua vilevile, wala si zaidi. Hata hivyo kinamama walijipanga mlangoni kwake, na benchi langu likabaki wazi. Roho iliniuma, sifichi.

Asubuhi moja mke wangu, Mama Neema, aliamka hawezi kunyooka. Nilimweleza yote hayo huku navaa koti niwahi kazini. Jua halijapanda sana, nachungulia dirishani, namwona kwenye foleni ya Elirehema. Mke wa dresa, mbele ya watu wote. Mgonjwa niliyekuwa nikimfunga bandeji aliniomba nilegeze kidogo.

Jioni nilimuuliza, kwa upole wa uongo, amepewa dawa gani.

"Amenieleza yaleyale uliyonieleza wewe," akasema. "Ila yeye aliniuliza huwa nabeba nini."

"Ukamjibuje?"

"Madebe ya maji, kutoka mfereji wa bondeni. Akasema nisiyabebe mpaka nipone. Abebe Baba Neema."

Enzi hizo mwanamume kubeba maji ilikuwa kichekesho cha kijiji kizima. Nilikwenda kumshtaki kwa Sista Mkuu, mzungu aliyekuja kutukagua, nikamwambia Elirehema anaingilia nyumba yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ushauri wake ni mbaya?"

"Si mbaya, Sista."

"Basi debe liko wapi?"

Nikabeba. Wanaume waliopita mferejini waliniamkia kwa jina la mke wangu. Mgongo wake ulipona kabla kahawa haijaisha shambani, lakini kila nilipomuuliza kama amepona, alishika kiuno. Madebe hayakurudi kwake tena.

Sasa nimestaafu. Waingereza wamekwenda, bomba limefika uani, na Elirehema tumemzika. Nilimlilia kweli, maana mtu uliyemwonea wivu maisha yako yote huacha pengo kubwa.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, mabinti wa kwaya walimwamkia mke wangu shikamoo, wakamuuliza anawezaje kutembea wima hivyo katika umri wake. Nilikaa vizuri kwenye benchi, nikakohoa kidogo.

"Ni Elirehema," akawajibu. "Yule dresa alikuwa na mikono ya baraka."

Elirehema hakumgusa hata kwa kidole. Mikono iliyobeba yale madebe ilikuwa hapohapo, mapajani kwangu, na hakuna aliyeitazama.