Kiini cha Mtoto

Bibi wa nyumba ya pili, hapa Rahaleo, humenya yai la kuchemsha kwa ukucha wa kidole gumba, taratibu, kama anayemvua nguo mtoto aliyelala. Mkwewe, Anabela, humwachia yai hilo kila asubuhi kabla ya kwenda dukani Chikongola, maana kliniki wamesema kiini kipondwe, kichanganywe kwenye uji wa mtoto. Bibi hukiponda kweli. Hukitia chumvi, halafu pilipili, kisha humpa mjukuu mgongo na kukimaliza mwenyewe. Mtoto akila mayai, huniambia huku akilamba kidole, anachelewa kusema.

Juzi nesi alipita nyumbani kwao, na Anabela alikuwepo.

“Kiini anakula, bibi?”

“Anamaliza, mwanangu. Hata bakuli analamba.”

Mtoto, ambaye hajawahi kutamka neno, akaunyooshea kidole mdomo wa bibi yake, uliokuwa bado na chembe za njano, akasema waziwazi, “Yai.”

Anabela akamtazama mama mkwe wake. Bibi akajifuta kwa pindo la kanga, wala hakutahayari.

“Mmemsikia anavyosema?” akauliza. “Sasa angekuwa anakula mayai, angesema?”