Kipara cha Mama na Kitanda cha Mteja

Mama yangu mzazi alinyolewa kipara uani kwangu, saa nne asubuhi, na aliyeshika beseni la maji ni mimi.

Msinitukane bado. Subirini nimalize.

Kazi yangu ni kupuliza dawa za wadudu majumbani. Mama alikuwa na wiki tatu kwangu, amekuja kutibiwa miguu. Ghafla mke wangu akaanza kuamka na mapele.

"Mama yako katuletea chawa," akasema. "Anyolewe aondoke, au nafungasha mimi."

Jamani, chawa nawajua. Chawa anaishi juu yako, anataga kwenye nywele zako. Mtenge na mtu siku mbili tatu, kwisha habari yake.

Mapele ya mke wangu yalipanga mstari mkononi, na shuka lilikuwa na vidoa vyeusi. Huyo ni kunguni. Kunguni hana shida na nywele zako. Anakunywa, anashiba, anarudi zake kwenye ufa wa kitanda, na anaweza kukaa miezi bila kula.

Na kitanda chenyewe nilikileta mimi.

Nilimdanganya mteja kwamba hakifai tena, ni cha kuchoma moto. Akanipa nikakichome. Nikakipuliza mara moja, nikamwambia mke wangu nimemnunulia dukani.

Dawa ile haiui mayai, lazima urudie baada ya wiki mbili. Wateja nawaimbia hilo kila siku. Kwangu nikapuuza.

Basi nikanyamaza. Wembe ukapita. Mama hakulia, aliuliza tu, "Maji yamebaki, mwanangu?"

Mchana nikampeleka kwa dada yangu. Mlangoni Mama akanipa kiboksi cha kibiriti. Kufungua, kunguni sita wamekauka.

"Niliwatoa kwenye kitanda chenu siku moja nikitandika," akasema. "Nikaona ninyamaze, mkeo asije akakudharau, mwanangu."

Nikakosa pa kuweka uso.

Lakini mnadhani nilisema? Thubutu! Nilirudi nikapuliza kimyakimya mke wangu akiwa sokoni, na baada ya wiki mbili nikarudia. Wadudu wakaisha.

"Umeona?" akacheka. "Si nilikwambia ni mama yako?"

"Kweli, mke wangu."

Haya, sasa tukaneni. Ila mkimaliza, shikeni hili: anayekunyonya akiwa kichwani kwako ana afadhali, utampata kwa kitana. Mwogope yule aliyeshiba damu yako, akajificha, na bado unamwita mwanangu.