Kisima cha Ilie

Malori ya ngano yaendayo bandarini Constanța yalipita karibu mno na milango yetu, hata sahani zikatetemeka kabatini. Kila asubuhi nilimshika binti yangu ukosi mpaka yaishe. Aliyetusemea wote ni jirani yangu Safta, mjane aliyelea wanawe kwa kuuza zabibu. Alikwenda mjini kudai barabara ipanuliwe mpaka mabawabu wakawa wanamkimbia.

Mhandisi alipokuja, akamuuliza yeye. "Mama, tupanue upande gani?"

Upande wetu kulikuwa na ua wa Safta na mizabibu yake. Akanyoosha kidole ng'ambo. "Kule. Ni mtaro na majani tu."

Akasahau kuwa kule kulikuwa na kisima. Kwetu, mtu akifa, jamaa zake humchimbia kisima kando ya njia, wapita njia wanywe kwa ajili ya roho yake. Kile Bibi Paraschiva alimchimbia mwanawe, Ilie. Safta alikumbuka siku mawe ya kisima yalipopakwa alama nyekundu ya kubomolewa. Akamkimbilia mhandisi.

"Rudisha huku, mwanangu. Chukua mizabibu yote!"

"Mama, michoro imeshapitishwa. Ungesema siku ile."

Tangu hapo Safta akawa anapitia nyuma ya nyumba. Dukani wanaume walimtania: "Waziri wa barabara! Mbona siku hizi unapita vichochoroni?" Alinunua chumvi, akarudi kwa vichochoro vile vile.

Siku ya kukifukia, Bibi Paraschiva alivuta ndoo ya mwisho, akagawa maji kwa kikombe kimoja, mafundi nao wakanywa. Safta alikuwa nyuma yangu; nilisikia anavyohema.

"Safta! Unajificha kama mwali? Njoo unywe," Bibi akamwita.

"Bibi, mimi ndiye niliyewaonyesha."

"Najua. Kijiji kizima kinajua. Shika."

"Sistahili."

"Nani kakuuliza? Maji ni ya Ilie. Kunywa, tingatinga linasubiri."

Akanywa. Anayepewa maji ya marehemu hana budi kumwombea. Midomo ya Safta ikacheza, sauti haikutoka.

"Sijasikia," alisema Bibi.

"Mungu ampokee Ilie."

Bibi akachukua kikombe, akampa dereva wa tingatinga. Safta hakuondoka. Alisimama uso chini, shingo nyekundu.

"Bibi, nimchimbie kingine kwangu? Pale penye mizabibu, karibu na njia."

"Chimba," akasema Bibi Paraschiva bila kumtazama. "Ila usiniite kuja kunywa."

Jioni ile ile, kutoka dirishani kwangu, nilimwona Safta akiing'oa mizabibu kwa mikono.