Siku Mama Mkwe Aliponililia Ziwani

Mkasa huu nausimulia nikiwa nimeinamisha uso, na nimemngoja mke wangu atoke kwanza, maana Leokadia akianza kucheka katikati sitafika mwisho.

Mnakumbuka miaka ile ya soko huria Mwanza ilivyofunguka ghafla, mitumba imemwagwa hadi barabarani, na vijana wa kizungu, mtu na mkewe, wanashuka bandarini na mabegi makubwa mgongoni wakiuliza njia ya kwenda mahali ambapo hata sisi wenyeji hatukuwa na sababu ya kwenda. Niliwaonea wivu. Nilikuwa naandika riwaya (bado naiandika, msiniulize), nikajiaminisha kwamba mwandishi asiyesafiri hana la kusema. Nikanunua begi la namna ile kwenye mitumba, jekundu, zipu moja mbovu, nikamwambia mke wangu, "Twende na sisi. Hatuendi kwa ndugu, hatuendi msibani. Tunakwenda tu."

"Kwenda tu ndiyo kwenda wapi?" akaniuliza, lakini macho yake yalikuwa yameshafunga safari.

Tatizo lilikuwa mama yake. Wiki ileile alituita Magu tukamsaidie kuvuna mpunga, nasi (hii ni aibu ndogo, kubwa inakuja) tukamtumia salamu kwamba siwezi kuinuka kitandani, malaria imegoma kusikia dawa. Kisha tukapanda gari la Kigongo, tukavuka kwa kivuko hadi Busisi, tukaiacha barabara ya Geita na kufuata ufuko kwa miguu, mawe makubwa mkono huu, ziwa mkono ule likimetameta hadi macho yanauma, na mimi natembea kifua mbele kana kwamba ziwa lile halijawahi kutazamwa na mtu.

Jua lilipokuwa kali kabisa tukafika kwenye ghuba ndogo, juu yake kuna nyumba chache na zizi la ng'ombe.

"Tupige hodi kwanza," akasema Leokadia. "Tuseme sisi ni nani, watuonyeshe pa kuoga."

Alikuwa anasema jambo ambalo kila mtu wa kanda ile analijua: ufukweni kuna upande wa wanaume na upande wa wanawake, hakuna kibao, mgeni huonyeshwa na wenyeji. Mimi nikamjibu kwa sauti ya kitabuni, "Msafiri wa kweli haombi ruhusa ya maji." Akanitazama, akasonya, akaenda peke yake kutafuta samaki wa kuchoma.

Nikavua vyote. Nikaviacha juu ya jiwe pamoja na begi, nikaogelea mpaka nyuma ya matete, nikajilaza chali juu ya maji, mawingu yanapita, riwaya nzima inanijia kichwani sura baada ya sura, mpaka niliposikia sauti za wanawake. Walikuwa wanateremka na ndoo na nguo za kufua, wakicheka. Ndipo nilipojua nimeoga upande gani.

Nikajibanza kwenye matete, maji shingoni, nikisema moyoni watafua, wataondoka. Lakini mmoja akaona suruali juu ya jiwe. Akaita, "Wewe mwenye nguo!" Mimi kimya (mngejibu nini?). Akaita tena. Kimya.

"Mayu wane, mama yangu! Kuna mtu kazama!"

"Atakuwa mamba kamchukua!"

Mwano ukapigwa. Asiyeujua mwano ajue tu kwamba ni ukelele ambao mtu wa Usukumani akiusikia huacha hata sahani mezani. Wanaume wakaporomoka mlimani na fimbo, mitumbwi ikasukumwa majini, mzee mmoja anaelekeza, "Tafuteni kule, maji hupeleka kule!" Na kila nilivyochelewa kujitokeza, ndivyo kujitokeza kulivyozidi kuwa kugumu.

Kisha mama mmoja akaliokota shati langu, akaligeuza, akalia kilio ambacho mpaka leo nakisikia.

"Shati hili nimelishonesha mwenyewe! Mkwe wangu! Mtoto wa watu alikuwa mgonjwa, amefikaje huku?"

Alikuwa mama yake Leokadia.

Sisi, kwa mila, mama mkwe na mkwe wake hawapeani hata mkono. Tukikutana njiani yeye huingia kichakani, mimi hugeuka, tunasalimiana kwa migongo. Na sasa alikuwa amekaa mchangani, kanga imemtoka kichwani, ananililia mimi, mzima, niliye hatua chache kutoka kwake bila uzi mwilini. Nikikaa, anamlilia mtu asiyekufa. Nikitoka, ananiona.

Nikatoka. Nilichuma matete nikajifunika, lakini matete, ndugu zangu, hayafuniki kitu.

"Shikamoo mama," nikasema. (Kati ya maneno yote ya Kiswahili!)

Mama akanitazama uso kwa uso, mara ya kwanza tangu nimwoe bintiye, kisha akajifunika kanga na kukimbia. Leokadia akatokea na samaki wake, akawadondosha.

Jioni wazee wakatueleza alichokuwa anafanya mama kule. Alisikia mkwe wake hainuki, akauacha mpunga shambani, akavuka maji kumfuata shangazi yake anayejua miti, anichimbie dawa.

Wazee waliagiza niombe radhi nikiwa nyuma ya ukuta, nikaomba, ndani hakukujibiwa kitu. Leokadia alilia usiku kucha. Alidhani mama atamwachisha ndoa na kumrudisha kwao.

Kesho yake tulirudi kwa kivuko kimoja na mama, maana hakuna kingine. Mama alikaa mbele kabisa, mgongo kwetu. Mimi nilisimama nyuma, katikati ya ng'ombe wa mnada, nikaegemea ukingo. Katikati ya maji nikamwona Leokadia anaitwa, anainama, kisha anakuja kwangu amekaza midomo.

"Mama anasema usiegemee ukingo, utaanguka."

"Kasema hivyo tu?"

"Kasema safari hii ukizama, uzame na nguo."

Ng'ombe walishtuka kwa nilivyocheka, au nilivyolia, sijui. Tangu siku ile tumesafiri sana, na mpunga wa Magu nimeuvuna kila mwaka. Ila nikifika mahali hodi huwa naipiga kwa nguvu, hata palipo na mawe matupu, na sioni haya.