Nyumba Isiyopitwa na Mtu

Jina la Bi Pindo alipewa na wateja wake, naye alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi. Alikuwa fundi cherehani, lakini si wa magauni ya harusi wala suti. Hayo aliwaachia mafundi wenye vioo virefu na viti vya kungojea. Kazi yake ilikuwa ndogondogo: kupunguza suruali miguu, kubana kiuno, kubadili zipu, kurudishia kifungo kilichotoroka. Cherehani ilikaa chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe, na mlango wa chumba hicho ulifunguka moja kwa moja kwenye njia ambayo nusu ya mji iliipita ikienda kazini.

Asubuhi mtu alimtupia suruali akipita, jioni akaichukua akirudi. Katikati ya hapo kulikuwa na maneno.

"Karani, umenenepa wewe au suruali ndiyo imekonda?"

"Mama, wewe shona tu."

"Nashona. Ila mwambie mkeo apunguze mapenzi, kitambaa kimeniishia."

Aliyepandishwa cheo alimjua kabla ya mke wake, na aliyekuwa na mawazo alimjua kwa kiuno kulegea. Mumewe alifariki mapema akamwachia nyumba ile na mtoto mmoja wa kike, na huyo mtoto alilelewa, akasomeshwa na kuolewa kwa pindo za suruali za watu. Mwanamke yule hakuwa na shida na maisha yake. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye wote walizungumza kana kwamba alikuwa nayo.

Halafu mji ukashikwa na homa ya kuhama. Ilifunguliwa barabara mpya, pana, na kila mwenye mshahara akaanza kuimba wimbo wa mitaa ya pembezoni: kiwanja, bustani, hewa safi, watoto wapate pa kucheza. Aliyebaki kuishi karibu na kazini akaonekana mshamba. Mkwe wake Bi Pindo, kijana wa kampuni ya bima mwenye ulimi wa asali, kila akija alitoa simu kumwonyesha nyumba za wenzake wa ofisini.

"Mama, juzi tumeendesha mpaka kule, tumefika hata redio haijamaliza taarifa ya habari."

"Na hapa kwangu mnafika redio ikisema nini?"

"Hapa ni kelele mama, vumbi tupu. Na wewe umeshachoka. Njoo tukae pamoja, umwone mjukuu wako akikua."

Hilo la mjukuu ndilo lililomlegeza. Mtoto alikuwa ndiyo kwanza anatambaa, naye Bi Pindo alikuwa ameshaanza kumwita mke mwenzangu. Akauza nyumba. Fedha zote zikaingia kwenye ile mpya, bila karatasi wala shahidi, maana nani humwandikisha mwanawe karatasi? Wateja walimwambia ana bahati, naye akawaitikia kuwa ni kweli.

Kitu ambacho hakuna aliyemwambia ni kwamba mtaa ule ulikuwa wa kulala tu. Barabara ilikuwa nyeupe siku ilipofunguliwa kwa sababu hakuna aliyekuwa akiishi huko. Kila mmoja alihamia kwa kuwa ni nyeupe, na kila aliyehamia akaijaza. Haukupita muda magari yakawa yanakokotana kama foleni ya maji. Ikabidi binti na mumewe watoke alfajiri wakiwa wamembeba mtoto usingizini kumpeleka kwa mlezi karibu na kazini, ili mama yake apate kumchungulia mchana, na warudi giza limeingia wakiwa wamembeba usingizini vilevile. Bi Pindo, aliyeletwa amwone mjukuu akikua, alimwona akikua amelala.

Alitundika kibao kidogo getini: FUNDI CHEREHANI. Wakaja watu wawili wa kamati ya mtaa, wapole kweli, wakamwambia vibao vinaharibu sura ya mtaa.

"Sura ya kumwonyesha nani?" aliwauliza.

Wakatabasamu kwa upole uleule, na kibao kikaondoka. Akabaki kukaa kwenye kiti nje ya geti akiangalia ukuta wa mbele. Aliyajua magari ya majirani, sura zao hakuzijua. Jumapili ndiyo siku watu walikuwepo, na Jumapili walilala. Alizoea kumsalimia mlinzi wa geti kuu la mtaa mara mbili kwa siku, mpaka mlinzi akaanza kumkwepa, akidhani ametumwa kumchunguza.

Miaka haikuwa mingi, homa ikageuka. Sasa wenzake mkwe walikuwa wakihamia maghorofa ya katikati ya mji, na wimbo ulikuwa mwingine: kutembea kwa miguu kwenda kazini, afya, muda na familia, maisha ya kisasa. Mkwe akanunua saa ya mkononi inayohesabu hatua za mtu, ingawa hatua alizokuwa nazo zilikuwa za kutoka mlangoni hadi kwenye gari. Maghorofa hayo yalijengwa juu ya nyumba za akina Bi Pindo, na ya Bi Pindo mwenyewe ikiwemo. Pale ilipokuwa cherehani sasa waliuza juisi za kupunguza unene.

"Mama, barabara inatumaliza," mkwe alisema siku moja mezani. Macho yake yalikuwa mekundu, na huwezi kusema alikuwa anadanganya. "Nazeekea kwenye usukani."

"Si ndiyo ileile ya taarifa ya habari?"

Binti akacheka kidogo, kile kicheko cha kuomba yaishe. Kisha akaeleza mpango. Wao watatu wangetangulia mjini, wapange vyumba viwili kwa muda, maana mtoto anaanza shule. Bi Pindo abaki kuangalia nyumba, kwa kuwa nyumba tupu huibiwa hata vitasa. Ikishauzwa tu, wanachukua ile ya vyumba vitatu waliyoiona.

"Chumba cha tatu ni chako, mama," binti alisema. "Iko ghorofa ya kwanza. Dirisha lako linatazama barabarani, watu wanapita chini yako kutwa nzima. Utawachokoza mpaka uchoke."

Binti alimjua mama yake. Hakuna ahadi nyingine ambayo ingemkalisha Bi Pindo peke yake kwenye nyumba ile.

Wanunuzi walianza kuja. Waliuliza maswali, na Bi Pindo akawajibu kama alivyokuwa akiwajibu wateja, bila kupaka mafuta. Foleni ikoje? Mbaya. Majirani wakoje? Sijui, nawajua kwa taa za magari. Pametulia? Pametulia, hata makaburini pametulia. Walimshukuru, wakaingia kwenye magari yao, wakaenda moja kwa moja. Hapo ndipo binti alipopiga simu.

"Mama, unatuharibia. Dalali anasema wewe ndiye unayefukuza watu."

"Wameniuliza, nimewajibu."

"Basi usiwajibu. Unakitaka chumba chako au hukitaki?"

Alikaa na swali hilo siku nyingi. Lilimuuma kwa sababu ni mwanawe aliyeliuliza, na lilimuuma zaidi kwa sababu jibu lilikuwa ndiyo. Alikitaka. Alikuwa ameshakipanga kichwani, cherehani dirishani, kitanda nyuma ya mlango.

Wakaja mume na mke, wakiwa na mama yake mume, mwanamke wa rika la Bi Pindo. Vijana walipoingia ndani kupima mahali pa kuweka makochi, yule mama alimshika Bi Pindo mkono, wakasimama getini.

"Mwenzangu," alisema, "hawa wameshaipenda. Lakini mwanangu ameniapia kwamba nikisema sipataki, hanunui. Na huyu akisema kasema. Mimi nimeuza magazeti kwenye kona tangu huyu hajazaliwa, nimezoea kuona watu. Niambie ukweli, mama kwa mama. Hapa watu wanapita?"

Njia ilikuwa tupu kutoka mwanzo hadi mwisho, lakini ilikuwa saa za kazi, na mgeni hawezi kujua. Bi Pindo alielewa vizuri sana anachoulizwa. Yeye hakuwahi kuapiwa na mtu. Alionyeshwa picha, akasifiwa, akabebwa pamoja na vyombo. Huyu mwenzake kamzaa mwana wa namna gani, anayesimamisha ununuzi wa nyumba kwa neno la mama yake? Hapo wivu ukamshika, sitamficha, na nyuma ya wivu lilikuwepo lile dirisha.

"Wanapita," alisema. "Wanapita sana. Utawachoka."

Yule mama akashusha pumzi, akamkumbatia. Walipeana namba za simu kama marafiki, na Bi Pindo akamsimulia chumba kinachomngoja mjini. Nyumba ikauzwa.

Siku Bi Pindo alipofika mjini na mizigo yake, binti alimfungulia mlango, akamsalimia, akainama haraka kushika begi. Mama anajua mwanawe anapokwepa macho. Akaenda mwenyewe mpaka chumba cha tatu. Ndani kulikuwa na meza pana, kiti cha kuzunguka, na baiskeli ya mazoezi, isiyo na magurudumu.

"Mama, mambo yamebadilika kidogo," mkwe alisema nyuma yake. "Kampuni imeachia ofisi. Tunafanyia kazi nyumbani sasa. Siku hizi kila mahali wanafanya hivyo."

Bi Pindo alirudi sebuleni, akakaa kwenye kochi, pochi mapajani.

"Ngojeni nielewe, mimi akili zangu za sindano. Pale mwanzo mlikuwa karibu na kazi, tukahama kwenda mbali. Kule mbali mkachoka, mkarudi karibu na kazi. Na sasa kazi imekuja yenyewe nyumbani."

"Ndiyo hivyo, mama."

"Sasa tumeuza nyumba mbili ili iweje?"

Mkwe aliitazama saa yake ya kuhesabu hatua. Binti alikwenda jikoni, akafungua maji ya bomba, akayaacha yatiririke. Baadaye alirudi na shuka na mto, akatandika kochi, akasema ni kwa muda tu.

Basi Bi Pindo akawa mtu wa kochi. Cherehani iliwekwa roshanini, imefunikwa nailoni. Dirisha la barabarani lilikuwa na mwenyewe: kila asubuhi mkwe alipanda baiskeli yake mbele ya kioo, akakanyaga pedali jasho likimtoka, asiende popote, na yeye ndiye aliyewaangalia watu wakipita. Akimaliza alioga, akavaa shati na tai juu, kaptula chini, akaja kufanyia kazi sebuleni. Mtandao haukushika kule chumbani.

"Kama haushiki kule, si nilale mimi kule?" Bi Pindo aliuliza.

"Wanakuja kuurekebisha, mama. Wiki ijayo."

Wiki zilizofuata zilikuwa nyingi, na kila moja ilikuwa ijayo. Ndipo asubuhi moja mkwe alipomgeukia, kompyuta iko wazi mbele yake, adabu yake haijapungua hata kidogo. Kijana yule hakuwahi kukosa adabu. Ingekuwa afadhali angekosa.

"Mama, samahani sana. Ukikaa hapo nyuma, wananiona na wewe. Leo mkurugenzi yupo. Kama hutajali..."

"Niende wapi, baba?"

Alitazama huku na huku katika nyumba yake, akawa anatafuta kweli. Mjukuu alikuwa shule, binti kazini. Bi Pindo akamhurumia, fikiria hilo, yeye ndiye akamhurumia. Akajifunga mtandio, akatoka, akafunga mlango taratibu, akaketi kwenye ngazi za jengo. Ngazi zilikuwa safi na baridi. Wakazi wote walitumia lifti.

Simu yake ikalia. Alikuwa yule mama wa magazeti. Alishapiga mara kadhaa siku za nyuma, na kila mara Bi Pindo aliiacha ilie mpaka inyamaze. Leo aliipokea, labda kwa sababu hata kelele ya mlio ingeweza kumfikia mkurugenzi.

"Mwenzangu! Nilidhani umeshanitupa. Hujambo?"

"Sijambo."

"Umekipata chumba chako? Kizuri?"

"Kizuri."

"Hongera. Sasa nina swali, usinicheke. Nimekuwa nakaa hapa getini asubuhi, nakaa mchana, sioni mtu. Nikasema labda mimi ndiye nakosea saa. Hivi wanapita saa ngapi?"

Hakukuwa na hasira hata chembe katika sauti ile. Angekuja na matusi, Bi Pindo angemjibu, maana hata matusi aliyajua ufundi wake. Lakini yule mama alikuwa anauliza tu, na kule ndani alikuwa na mwana anayemsikiliza. Huenda bado ilikuwepo namna ya kumtoa, kama angeambiwa sasa. Bi Pindo alifungua mdomo aseme. Ila kuukiri uongo ule kungemlazimu akiri na jingine, kwamba alimuuza mwenziwe kwa chumba ambacho hakukipata, na kwamba maneno haya anayasemea ngazini.

"Jioni," alisema. "Wanapita jioni."

"Ahaa! Kumbe nawahi kuingia ndani." Sauti ya yule mama ilichangamka. "Asante sana, mwenzangu. Basi leo nitakitoa kiti jioni."